Udi Ndani ya Mashini

Mama yangu hakusoma shule ya Kifaransa. Alisoma chuo cha Kurani, na herufi za Kiarabu anazisoma bila miwani. Lakini herufi za kizungu, zile za vibao vya barabarani na barua za ofisini, zilimpita. Maisha yake yote barua zake zilisomwa na watu wengine: kwanza baba yake, halafu mume wake, halafu mimi. Hakuna neno la siri lililomfikia ambalo halikupita kwanza kinywani mwa mtu.

Mdogo wangu alipokwenda Kanada kutafuta maisha, jambo hilo likaanza kumuuma mama. Mdogo wangu ni mtu wa kuandika. Ukimpigia simu anajibu maneno mawili kama anayekatiwa umeme, lakini akikaa kuandika, ukurasa haumtoshi. Nikamwambia basi atume sauti, mama asikilize mwenyewe. Mama ndiye aliyekataa. Nyumba yetu ya mtaa wa Gasenyi ina kuta nyembamba, na sauti ya mwanawe ikilia sebuleni hata jirani anaitikia salamu. Siku moja alikuwa anachagua mchele, akaniambia bila kuinua kichwa: “Mi nataka kusoma barua za mutoto wangu mwenyewe. Kwa macho yangu.”

Mwanamke wa umri ule, mwenye wajukuu! Wengine wangecheka. Mimi nilijisikia kama nimeambiwa mtoto wangu amefaulu mtihani. Nikaenda mjini nikanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye kioo kikubwa, kwa sababu herufi za simu kwake ni chawa tu. Naandikisha mizigo kwenye depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kutwa niko mbele ya kompyuta, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunidanganya. Nikaikuzia maandishi mpaka herufi moja ikatosha kidole gumba, na kila siku baada ya alasiri tukakaa, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi. Na mwanafunzi mwenyewe mkorofi, jamani. Nikimsahihisha ananiuliza nani alinifundisha mimi kula.

Alianza na herufi, akaja silabi, akaja kuandika. Mwezi wa Ramadhani ulipofika alikuwa anaweza kuandika “mama” na “njoo” na “umekula?”, na haya matatu kwa mzazi yanatosha kuendesha nusu ya mazungumzo. Bado kidogo tu afike kwenye barua nzima.

Halafu mashini ikaanza kulegea. Haikulegea siku moja. Kwanza ilichelewa kuwaka, tukasema sawa, imeamka vibaya. Baadaye ikawa mama akibonyeza M, kioo kinakaa kimya. Anabonyeza tena. Kimya. Anabonyeza mara ya tatu, na zote zinatokea kwa pamoja, M tatu zimejipanga zinamtazama. Mtu anayejua kuandika angetukana mashini. Mtu anayejifunza hajui kosa ni la nani. Mama alikuwa anavuta mkono wake haraka, kama mtoto aliyegusa sahani ya mgeni, na ananitazama.

Nikasema ngoja. Mimi si mtu wa kushindwa na kitu kilichotengenezwa na binadamu. Nikatafuta virusi, sikuona. Nikatoa programu zote zinazojiwasha zenyewe asubuhi bila kuitwa. Nikahamisha picha za harusi, na nyumba hii ina picha za harusi, wallahi, za watu ambao hata ndoa zenyewe zimeshakufa. Mwisho nikafuta kila kitu nikaiweka upya kama imetoka kiwandani. Ikakimbia asubuhi ile. Baada ya adhuhuri ikarudi kukokota miguu.

Nikaibeba kazini. Kule depo nikaiweka juu ya kasha, nikaiwasha, nikaichosha kwa makusudi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ilikimbia kama sungura. Nikairudisha nyumbani kwa furaha, nikaiweka mahali pake, na siku ya pili yake tukarudi palepale, M tatu.

Nilifanya hesabu kwa sauti, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema mbele ya mama: kazini nzima, nyumbani mgonjwa, basi ugonjwa uko hapahapa nyumbani. Nilikuwa nafikiria umeme. Nilishaanza kubadilisha soketi. Mama akakunja miwani yake akaiweka mezani.

“Basi ni mimi,” akasema.

Nikamwambia apana, nikamwambia ni umeme, nikaapa. Hakubishana. Mama akibishana kuna matumaini. Akinyamaza, funga duka. Tangu siku ile baada ya alasiri alikuwa na kazi nyingine, mara mboga, mara mgonjwa wa kutembelea. Barua ya mdogo wangu ilipokuja akanipa ishara kwa kidevu, kama zamani: soma. Nikasoma. Alisikiliza huku akitazama ukutani, na mahali fulani mdogo wangu aliandika jambo la kumhusu mama na yeye tu, jambo la upweke, nikalisoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Nililala na hasira. Sikuwa na hasira na mama. Niliichukia ile mashini.

Sasa niseme habari ya sebule yetu, vinginevyo hutanielewa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa juu na kingine kwenye mkono wa mlango, vyote mama amevifuma kwa sindano yake. Kompyuta ilipoingia alichukua vipimo kama fundi wa harusi. Kioo kilipata shela. Lile sanduku lenyewe la mashini lilipata gauni zima, jeupe, lenye marinda mpaka chini, na nyuma tundu dogo la kupitishia nyaya. Wageni walikuwa wakiingia wanalisifu gauni kabla ya kuuliza hali. Mimi nililizoea mpaka nikaacha kuliona.

Alhamisi moja kazi ziliisha mapema, nikafika nyumbani kabla ya magharibi. Usiku wa Ijumaa kwetu hufukizwa udi, hilo tangu bibi yangu. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi, nikamwona mama amepiga magoti. Ameinua marinda ya lile gauni, anasukuma chetezo, makaa mekundu na udi juu yake, ndani, pembeni ya sanduku. Halafu akashusha marinda akayanyoosha vizuri, kama mtu anavyofunika nguo za Ijumaa juu ya moshi ili zishike harufu. Na mashini ilikuwa inawaka, inavuma. Inavuta.

Niliweka mkono juu ya gauni. Sufuria ya wali haiwi na joto lile.

Mdomo wangu unajulikana Gasenyi nzima, lakini siku ile niliubana. Ningesema nini? Mwanamke ameshasema “ni mimi”, nami nimeapa kwamba si yeye. Nikamwambia tu kwamba Jumamosi nitaisafisha, hii Gasenyi ina vumbi.

Jumamosi nikaivua gauni, nikaitoa uani, nikatafuta bisibisi. Nilimwambia mama aende sokoni, akasema soko halikimbii. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu kabisa, mikono magotini. Nikafungua ubavu wa sanduku.

Harufu ilitutangulia. Ilikuwa harufu ya Ijumaa zote tangu inunuliwe. Feni ndogo ya katikati, ile inayoupooza ubongo wa mashini, haikuonekana. Ilikuwa imevaa blanketi. Vumbi la barabara yetu, nyuzi za pamba za gauni, na mafuta ya udi, vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja cheusi kinachonata. Mama akanyoosha mkono akang'oa kipande, akakisugua vidoleni, akakinusa.

“Hii ni udi yangu.”

Nikasema ni vumbi tu, mama, Gasenyi yote ni vumbi.

“Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. We sema.”

Nikasema. Nilimweleza kwamba mashini inapumua kama sisi. Ikikosa hewa inapata homa. Ikipata homa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana asubuhi ni nzima na mchana imechoka. Ndiyo maana kule depo ilikimbia: kule ilikuwa uchi. Nilikuwa naongea huku natazama bisibisi, kwa sababu nilijua nikiinua macho nitamwona anainuka kwenda ndani, na safari hii hatatoka tena.

Hakuinuka. Aliendelea kukisugua kile kipande.

“Kwa hiyo si akili yangu,” akasema.

“Apana, mama. Akili yako haina kasoro.”

“Ni mukono.”

“Ni mkono.”

“Bon, sawa. Mukono nitaufundisha.”

Akaniagiza nimpe kazi. Wallahi nilitaka kumkumbatia, lakini angeniuliza kama nina homa mimi pia. Akaishika feni kwa ncha za vidole isizunguke, mimi nikaipitishia brashi ya rangi, kisha pampu ya baiskeli, fuu, fuu, na wingu jeusi likapanda uani. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mama akawaambia tunapasua mgonjwa, wasogee, wanaziba hewa.

Gauni alilifua akalikunja akaliweka kabatini. Chetezo kikahamia upande wa pili wa sebule, karibu na dirisha. Rafiki yake mmoja alikuja akaona sanduku limebaki na mabati yake matupu, akasikitika, akauliza kulikoni, mmeishiwa uzi? Mama akamjibu kwa utulivu wa daktari kwamba mashini inatakiwa kupumua, na kwamba mtu asiyejua hayo asinunue. Nikaingia jikoni kucheka. Ndiyo, nilijivuna. Naandika haya bado najivuna.

Tukarudi kwenye masomo. M ikabonyezwa, M ikatokea, moja tu. Mama alibonyeza tena kuhakikisha, halafu akaongeza A bila kunitazama. Hapo alikwenda kasi hata mwalimu akaanza kuchoka. Barua nzima ilikuwa bado. Silabi ndefu zilimsumbua, na mdogo wangu anaandika kama anakimbizwa, bila nukta.

Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, nikasikia mlio wa ujumbe sebuleni. Nikasikia mama anavuta kiti. Halafu sauti yake, ya chini, anaunganisha silabi: “ma-ma... ni-na...” Akakwama. Akarudia. Akaendelea. Baada ya hapo sikusikia kitu, midomo ilikuwa imefungwa, anasoma kwa macho.

Mazoea yana taabu. Nikafuta mikono, nikaenda nikainama juu ya bega lake nimsaidie. Mama akachukua ncha ya kitenge chake akafunika nayo kioo, akageuka akanitazama.

“Rudi jikoni,” akasema. “Nikikwama nitakuita.”

Nikarudi. Sijawahi kufukuzwa mahali nikajisikia mkubwa namna ile. Nilisimama mbele ya beseni, maji yanapoa, masikio yote sebuleni. Alicheka kidogo peke yake. Akavuta pumzi, akapenga kamasi, akaendelea kusoma. Hakuniita.