Simu ya Ugiriki Iliyosikika Mtaa Mzima

Jamani, leo nacheka kwa sababu siku zimepita, lakini siku ile ningeona shimo katikati ya mtaa ningeingia na kujifukia mwenyewe. Mimi nauza vitenge na vitambaa vya mapazia Kariakoo, na kelele za pale mnazijua, ukiita wateja kwa mdomo mtupu ikifika saa nne sauti imekwisha, kwa hiyo nilinunua ile maiki ndogo ya kubana kwenye ushungi, na spika yake kubwa nikaiweka mlangoni inatazama barabara.

Sasa mume wangu, Hafidh, ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii, na wakati huo alikuwa na miezi tisa hajakanyaga Bongo. (Miezi tisa! Wenzangu wamebeba mimba wakazaa, mimi nimebeba simu.) Siku hiyo mchana akanipigia kwa video, uso umejaa furaha, meli imetia nanga Ugiriki na wageni wanapelekwa kuona magofu ya kale, halafu kwa watu wanaotengeneza jibini na mafuta ya zeituni, na yeye kapangiwa kuwabebea maji.

"Nasra, leo tunatembea wote," akaniambia.

Nikakimbilia nyuma ya duka, nikakaa juu ya majora ya vitambaa. Ile maiki nilitaka kuivua kabisa, lakini kibanio chake kinasumbua, nikaona aah, nibonyeze tu kitufe nizime, nikabonyeza bila kutazama. (Nilichobonyeza kilikuwa cha kuongeza sauti. Hilo nilikuja kulijua baadaye, pamoja na dunia nzima.)

Akanionyesha nguzo za mawe, nene, ndefu, hazina paa, majani yameota katikati.

"Hapa palikuwa na hekalu."

"Mbona kama jengo ambalo fundi kalikimbia?"

Akacheka. Kicheko chake kinaanzia puani, nilikuwa nimeshakisahau, na kukisikia tu machozi yakanitoka, nikaanza kumwambia yale ambayo mke humwambia mumewe wakiwa wawili, kwamba shati lake la njano nalala nalo na silifui, kwamba kitanda kimekuwa kikubwa kama uwanja wa mpira, kwamba kwenye basi la mwendokasi mtu akikohoa kama yeye nageuka mzimamzima. (Mengine siwaambii, waulizeni watu wa mtaani kwangu, wanayo yote.)

Wakafika kwa mtengeneza jibini, bibi mmoja wa Kizungu kavaa nguo nyeusi tupu, akakata kipande akampa Hafidh kwa mkono. Na mimi na wivu wangu na makamasi yangu nikapayuka: "Usile! Hicho kibibi hakijanawa, kimekunjamana kama jibini lake!"

Yule bibi akaweka kisu chini, akaisogelea simu mpaka nikawa naona pua tu.

"Nimenawa, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Naitwa Eleni. Nimezaliwa Morogoro, baba yangu alikuwa na shamba la mkonge."

Nikajiweka sawa juu ya majora.

"Shi... shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hafidh hakucheka. Akawa anaangalia chini, na mimi namjua, akiangalia chini kuna jambo.

"Nasra, wameniongezea miezi sita," akasema. "Nimeshakubali."

Hapo nililia kwa sauti, sikujali bibi wala jibini. "Hafidh, kwani mimi nimeolewa na simu?" Akabaki ananyoosha kola yake. Bibi Eleni akamchukulia simu mkononi.

"Uko wapi, binti?"

"Kariakoo, bibi."

"Kariakoo! Nionyeshe. Nina zaidi ya miaka hamsini sijaiona."

Nitakataa vipi, baada ya tusi lile? Nikafuta uso, nikatoka nje. Mtaa umesimama. Wabeba mizigo wameshusha mikokoteni, wamachinga wameacha kuita, na jirani yangu wa duka la masufuria, Mzee Dinesh, mtu mpole ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya salamu, kavua miwani anafuta machozi, sijui ya kicheko au ya huruma. Mama mmoja mwenye kikapu akaniambia, "Dada, pole, ila lile shati lifue." Mtaa ukalipuka. Nikashika ushungi, taa ya maiki inawaka kijani, nikasema "Mungu wangu!" na Mungu wangu hiyo ikatoka spikani nadhani mpaka mtaa wa Gerezani wakaisikia.

Nikageuka nikimbilie ndani.

"Usikate!" Bibi Eleni akapiga kelele. "Geuza simu niwaone."

Nikageuza. Mzee Dinesh akavaa miwani, akainama kidogo mbele ya simu. "Shikamoo, mama." Na wote wakafuata, wabeba mizigo, wamachinga, yule mama wa kikapu: "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wanangu," ikajibu spika. "Endeleeni na kazi, msininyamazie. Nataka kusikia kelele."

Wakaanza tena kuita wateja, na yeye akafumba macho akasikiliza, mpaka Hafidh akasema wageni wameshapanda basi.

Miezi sita hiyo bado inaendelea, imebaki minne. Hafidh alijaribu kuomba ipunguzwe, wakakataa. Mtaani kila asubuhi naulizwa, "Shemeji anarudi lini?" na wanaume wazima wananipa pole. Mimi nimeapa, simu ya mume wangu sasa naipokelea nyumbani, mlango nimefunga, maiki nimeiacha dukani.

Ila kuna kitu hakinitoki. Kabla simu haijakatika nilimuuliza Bibi Eleni, "Bibi, kuishi mbali na nyumbani ulikuzoea lini?"

Akasema, "Sikuzoea, mwanangu. Nilizeeka tu."