Siagi Iliyochacha Kichwani mwa Mama

Nilipokuwa mtoto pale Bihambwe, kwa wafugaji wa ng'ombe, nywele za mtu hazikutupwa ovyo. Zilizobaki kwenye kichanuo ulizisokota kidoleni ukazitumbukiza chooni, kwa sababu panya akiziokota na kuwatandikia watoto wake, kichwa chako kitakuwa kama vichwa vyao. Ndivyo alivyosema Koko, mama yake baba yangu, na hakuwa akitania.

Mama alikuwa ameolewa kutoka Ntoto, huko msituni, na desturi za watu wa ng'ombe alijifunza ukubwani. Miezi michache baada ya kumzaa mdogo wangu, nywele zake zilianza kunyonyoka. Zilibaki kwenye kitambaa, kwenye mto, ndani ya ngumi ya mtoto. Juu ya paji la uso ngozi ikaanza kung'aa. Jirani mmoja alimwona kisimani akacheka: "Mama Neema, unakimbilia wapi? Papa Neema mwenyewe hajapata kipara, we njo unamutangulia?"

Koko hakucheka. Alipekua magunia ya maharage nyuma ya jiko mpaka akakiona kiota. Nilikuwa kando yake. Ndani, juu ya nyuzi za gunia na nywele nyeusi zilizosokotana, vililala vipanya vyekundu visivyo na unyoya hata mmoja, macho yamefumbwa, vikijinyonganyonga kama vidole vilivyokatwa.

"Nilikuambiaka," Koko akamwambia Mama. "Ona sasa. Nywele yako njo hii."

Akatia kiota chote motoni, pamoja na vilivyokuwamo. Harufu ile sitaki kuieleza. Majivu aliyachanganya na siagi ya ng'ombe iliyochacha, akampaka Mama kichwa kizima, akamkataza kunawa mpaka nywele ziote.

Mama alikubali. Mkazamwana akikataa dawa ya mama mkwe, amekataa ukoo mzima. Mafuta yalimchuruzika nyuma ya masikio, yakapita shingoni, yakashuka kifuani, na nzi wakamfuata kila alikokwenda. Nilikula nikiwa nimempa mgongo.

Lakini aliyeshindwa kabisa ni mtoto. Akiwekwa kwenye titi alinusa, akageuza uso, akalia. Maziwa yalilowesha blauzi ya Mama, na mtoto akazidi kunyauka, utosi ukabonyea.

"Mama, mutoto anakatala kunyonya," Mama akamwambia Koko.

"Atanyonya. Njaa itamufundisha."

"Iko anaisha, Mama."

"Ukinawa, usiniite tena juu ya kichwa yako."

Mama akaleta beseni na sabuni ya kufulia, akapiga magoti katikati ya ua, Koko akimtazama kutoka mlangoni, akajisugua kichwa na kifua mpaka maji yakawa meusi. Nywele nyingine zilitoka na povu. Hakuzitazama. Alijifuta, akamchukua mtoto, na mtoto akanyonya kwa kelele, kama ndama.

Nywele ziliota zenyewe, kwanza laini kama malaika ya mkononi, baadaye zikakomaa. "Dawa ilikuwa imeshaingia," Koko aliwaambia majirani.

Nilipojifungua mimi, zangu pia zilinyonyoka. Muuguzi aliniambia kwamba baada ya uzazi nywele nyingi hulala pamoja na kuanguka pamoja, huku nyingine zikijiandaa kuota chini yake, nisipake kitu. Nilimpelekea Koko maneno hayo. Alikuwa mzee sana, akasikiliza bila kukasirika.

"Na wewe, Koko, walikupakaka?"

"Walinipaka. Kwa mutoto wa kwanza."

"Ukanawa?"

"Nani angeniruhusu?"

Sisi sote tulijua kwamba mtoto wake wa kwanza ni Baba. Lakini Baba alizaliwa na kunyonya vizuri; Koko mwenyewe alipenda kutusimulia ulafi wake. Basi kabla ya Baba alikuwapo mwingine, ambaye hatukuwahi kusikia akitajwa.

Siagi ikichacha, hata leo natoka nje kutapika. Vipanya vile bado naviona. Ila nikiukumbuka ua ule, simwoni tena Mama peke yake. Namwona pia mwanamke aliyekaa mlangoni, aliyengoja mpaka mtoto akashiba, kisha akainuka, akalibeba lile beseni la maji machafu, akaenda kuyamwaga mwenyewe.