Riwaya Niliyomsomea Jirani Yangu Merrylands

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa mkalimani wa simu. Nilikaa kwenye roshani ya fleti yetu ya Merrylands, huku ughaibuni, vipokea sauti masikioni, nikigeuza Kiingereza cha wauguzi kuwa Kiswahili kwa watu wenye homa. Simu zilipotulia, nilisoma riwaya za mwandishi mmoja mweusi wa Kimarekani. Kwao hakuna asiyemjua. Nilikuwa na vitabu vyake vinne, vyote vya mtumba, kimoja hakina jalada.

Roshani ya pili ilikuwa ya mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira. Alikuwa akikata kuku kiwandani, lakini shifti zake zilikuwa zimepungua hadi siku mbili kwa wiki. Kutembeleana kulikuwa marufuku, na helikopta ya polisi ilizunguka juu yetu kama inzi. Ila hakuna aliyetukataza kuongea kupitia ukuta mfupi uliotutenganisha.

"Dada," aliniuliza asubuhi moja, "ile kitabu inakuchekesha, kisha inakuliza. Inasema nini?"

Nikaanza kumweleza kwa ufupi. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Unisomee. Vile unasomeaga watu kwa simu."

Basi nikafungua ukurasa wa kwanza, nikawa natafsiri papo hapo. Nilijiona hodari. Nilitumia Kiswahili changu safi kabisa, kile cha taarifa ya habari. Alinisikiliza kidogo tu, akacheka.

"Huyu mama kwa kitabu anafua nguo za watu. Mbona anaongea kama waziri?"

Alisema kweli. Wanawake wa riwaya ile hawakusema Kiingereza cha shuleni, walisema cha kwao, cha mashamba ya pamba. Nikarudi mwanzo. Safari hii nilimpa yule dobi maneno ya bibi yangu wa Morogoro, na ukali wake, na ile tabia yake ya kumaliza kila hoja kwa "we ngoja tu." Jirani yangu akavuta kiti karibu na ukuta.

"Haya. Sasa ni mtu."

Tulisoma hivyo kila asubuhi kabla simu hazijaanza. Siku moja nilimsomea pia utangulizi, unaosimulia maisha ya mwandishi mwenyewe. Naye alikuwa dobi tangu utotoni. Aliandika kwenye madaftari ya shule, na wachapishaji wakamrudishia kazi zake mwaka baada ya mwaka. Kitabu cha kwanza kilitoka akiwa na wajukuu.

"Kwa hiyo mikono ilikuwa kwa sabuni, na vitabu viko kwa kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mtu alijua?"

"Hakuna."

Akachambua mchicha wake muda mrefu.

Tulipokaribia mwisho wa kitabu nilifanya jambo ambalo mkalimani hapaswi kufanya. Kuna sura ambamo mama anakimbia mafuriko na watoto watatu, anafika nchi kavu na wawili. Nilijua jirani yangu alivuka ziwa akikimbia vita. Hakuwahi kunieleza zaidi ya hapo, nami sikuwahi kuuliza. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja na kuendelea kusoma.

"Umeruka," alisema.

"Umejuaje?"

"Jana watoto walikuwa watatu."

"Niliogopa kukuumiza."

"Mimi nilishaumia, dada. Nataka kujua yeye alifanya nini kesho yake."

Nikarudi nyuma, nikasoma. Sikuacha hata neno moja. Kesho yake, yule mama wa riwayani aliwasha moto, akawasuka nywele wale mabinti wawili waliobaki, akawasuka upya, akawasuka tena, kwa sababu mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya.

Jirani yangu alitazama barabara tupu.

"Mimi nilifua," alisema. "Nguo zile zile, siku nzima. Huyo mwandishi hakudanganya."

Kisha akanitajia jina la mwanawe, mara moja tu. Sikuhitaji kulitafsiri.

Zuio lilipoondolewa tulikwenda pamoja maktaba, tumevaa barakoa. Kwenye kaunta nilifungua mdomo kumsemea, kama nilivyozoea. Akaniinulia kiganja. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani, akitafuta neno na kulipata, akamsimulia mhudumu habari za mwandishi yule: udobi, madaftari, wachapishaji waliokataa, wajukuu. Akamweleza na riwaya, mpaka kwenye mafuriko, mpaka kwenye nywele. Watu watatu walikuwa wamepanga mstari nyuma yetu na hakuna aliyeguna. Mhudumu aliacha kubofya kompyuta yake.

Nimekalimani mbele ya madaktari na mbele ya mahakimu. Sijapata kujivunia kazi yangu kama siku ile nilipokaa kimya.

Alijaza fomu, akapewa kadi, akachukua riwaya ile ile tuliyoimaliza. Alitaka bintiye wa miaka kumi na mitatu aisome. Msichana huyo Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Jumamosi hiyo niliwasikia wakiwa kwenye roshani yao. Binti alikuwa akisoma kwa Kiingereza, taratibu, na kila alipofika mwisho wa ukurasa, mama yake alimwambia, kwa Kiswahili, kitakachofuata.