Ghislain na Kompyuta Iliyobadilishwa Jina

Sokoni Kashikishi, Ghislain alijulikana kwa jina moja tu: bwana ya Germaine. Kule Likasi alikuwa injinia wa vyuma vya migodini, mtu wa kuamkiwa. Vita vya tisini na nane vikamvusha Ziwa Mweru na mkewe na mtoto wao Camille, na huku ng'ambo, wilayani Nchelenge, kazi yake ikawa kumbebea mkewe vikapu vya samaki wakavu. Watu walimtania, naye alicheka nao, lakini roho ilimuuma.

Muzungu mmoja wa mradi wa maji alimchukua amchoree michoro. Mradi ulipokwisha, muzungu akarudi kwao na kumwachia kompyuta yake ya Linux, yenye programu ya kupiga hesabu za minara ya chuma. Ndipo Mwewa, fundi mkuu wa mnara wa tangi la zahanati ya Kafutuma, akamjia.

"Bwana ya Germaine, uulize ile mashini ya muzungu. Jumatatu nataka muchoro. Ukikosa, kazi nampa mutu wa mujini Mansa."

Iulize mashini! Kana kwamba mashini ilisomea uinjinia. Ghislain akakubali.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na jina. Kila ilipowashwa iliandika: ingrid. Germaine aliliona siku hiyo hiyo alipomletea chai.

"Ingrid njo nani?"

"Ni jina ya mashini, Mama Camille."

"Mashini haina jina ya mwanamuke bure. Mu nyumba yangu? Atoke leo leo!"

Naye alikuwa na haki yake. Ziwani, anayenunua boti hukwangua kwanza jina lililowekwa na mwenyewe wa zamani, akapaka lake. Nani atavua na jina la mke wa mwenzake? Ghislain akaingia kwenye mipangilio, akafuta ingrid, akaandika germaine. Jioni alipakuliwa bukari, ugali wa kwao, na samaki mnono kuliko wote.

Asubuhi programu ikagoma. Alibonyeza kijipicha cha kuifungulia, dirisha likachungulia, likatoweka. Akabonyeza tena. Likachungulia, likatoweka, wala halikusema kisa. Akazima kompyuta, akawasha. Akaangalia kama diski imejaa. Ilikuwa na nafasi tele. Akakagua ruhusa za mafaili, zote sawa. Akaing'oa programu nzima na kuipanda upya kwa disketi, moja baada ya nyingine, huku jenereta ikinywa dizeli kama mlevi siku ya mshahara. Bado. Aliitukana kwa Kifaransa, akaitukana kwa Kiswahili, na kile Kibemba chake kidogo cha kugombania bei ya samaki nacho akakimalizia hapo. Watu husema kompyuta za namna hii zina mashetani. Hazina. Zina kiburi tu.

Jumapili, baada ya misa, alifanya la mwisho ambalo lilipasa kuwa la kwanza: akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiita programu kwa jina lake. Humo ikafungua mdomo. Leseni hii, ilisema, ni ya mashine iitwayo ingrid. Mashine hii siyo.

Ghislain alishika kichwa. Kisha akapiga moyo konde, akatoka uani.

"Mama Camille, minapashwa kurudisha Ingrid."

Germaine aliweka kisu cha samaki chini. "Sema tena."

"Bila ye, programu haifunguke. Bila programu, hakuna mnara."

Mkewe alimtazama, akaona macho mekundu na ndevu zisizonyolewa. "Basi arudie," akasema. "Lakini kazi ikiisha, aende kwao."

Akaandika tena ingrid, na programu ikafunguka. Ghislain alipiga hesabu kwa raha aliyokuwa ameisahau: upepo wa ziwani, uzito wa maji, unene wa kila chuma. Kesho yake aliuchapisha mchoro, akampelekea Mwewa kazini kwake.

Mwewa aliukunjua, akatabasamu, akaweka kidole pembeni, chini. "Muzungu yetu bado anatukumbuka! Umupe salamu."

Ghislain aliinama kutazama. Penye jina la injinia, programu ilikuwa imejiandikia yenyewe jina la mwenye leseni, yule muzungu. Siku zote zile za kuhangaika, na hata hapa jina lake limeporwa! Alichukua kalamu mezani, akapiga mstari juu ya jina lile, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Akaandika lake, kwa herufi kubwa.

"Ule muzungu hajue hata kama kuna mnara. Hesabu ni yangu."

Mwewa aliacha kutabasamu. "Na ikianguka?"

"Ikianguka, mukamate mie. Musitafute mwingine."

Mwewa alilisoma jina lile polepole, maana hakuwahi kuliona limeandikwa. Kisha akamsogezea kiti.

"Sasa, ba injinia," akasema kwa heshima, "tuanze kukata chuma gani?"