Ua lililomwonyesha mpiga pasi alipo mumewe

Saa moja asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la dobi kimeshajaa mvuke kama jikoni kwa mwenye harusi. Mwanamke wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani, anaitandaza shuka mezani, anaipulizia maji, kisha anaishusha pasi. Shuka inatoa pumzi ndefu. Mikunjo inalala.

Wenzake wanamwita Mama Mvuke. Kazi hii ameifanya tangu binti yake wa pekee akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa binti huyo yuko chuoni. Kwa siku hupiga pasi shuka mia na ushei, bila kuhesabu foronya, ambazo anasema hazistahili kuhesabiwa.

Pembeni ya meza, mbali na maji, kuna simu iliyosimamishwa kwenye kopo la wanga. Kila akimaliza rundo moja, anapangusa mikono na kuisogelea. Kwenye kioo kuna picha ya kijana amesimama juu ya jabali, mikono hewani, theluji nyuma yake. Mama Mvuke hamtazami kijana wala theluji. Anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka inabaki kona ya chini, penye buti la kushoto.

"Watu wanapanda mlima ili wapige picha ya kilele," anasema huku akitabasamu. "Mimi natafuta walichokaribia kukikanyaga."

Anachotafuta ni ua dogo ambalo kitaalamu huitwa Silene. Yeye hulitamka sailini, na nyumbani kwake limezoeleka kwa jina la kifuko, kwa sababu chini ya petali zake kuna kifuko kilichovimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Aina zake duniani ni mamia. Zipo zinazoota ukingoni mwa barabara kama magugu tu, na zipo za milimani, kule ambako hata nyasi zimenyoosha mikono, zikijikunja chini kama mto wa kulalia ili upepo uzipite juu.

Mama Mvuke hajawahi kupanda mlima. Ana pumu tangu utotoni, na baridi ya juu haielewani na kifua chake. Sailini zote anazozijua amezijua kwa picha za watu wengine.

Anasema chanzo ni mumewe. Mumewe ni seremala, wengi humwita Fundi, na kazi yake ni kutengeneza vibanda vya mbao wanamolala wapanda mlima. Siku moja alimtumia mkewe picha ya mlango mpya aliokuwa ameufunga kwenye kibanda kimojawapo, akingoja sifa. Jibu lilikuja upesi: hilo ua hapo kizingitini ni la nini?

"Mlango nimeupiga randa siku mbili," anadakia Fundi, ambaye leo amekuja dukani kurekebisha rafu. "Mwenzangu anauliza majani."

Binti yao ndiye aliyemwonyesha mama yake kundi la mtandaoni la wapenzi wa mimea. Alipoiweka picha ile humo, mtaalamu mmoja wa mimea, mwanamke anayefundisha chuoni, alimjibu kwa upole kwamba ile ni sailini, na kwamba kama anapenda atafute nyingine, kwani mlima ule haujachunguzwa vya kutosha. Mama Mvuke hakurudi nyuma tena. Akaanza kupekua picha za wapanda mlima, moja baada ya nyingine, akiangalia miguuni. Kila alipoiona sailini alimwandikia mwenye picha kumwomba amwambie ilikuwa njia gani, karibu na wapi.

Wengine walidhani ni utapeli. Wengi walimjibu.

Si kwamba hakosei. Aliwahi kutangaza kwenye kundi kuwa amepata aina ngeni kabisa, yenye petali fupi zilizochanwachanwa kama kitambaa kilichopita mikononi mwa mshonaji mlevi. Mtaalamu aliitazama, akamwambia ni ile ya kawaida ya barabarani, ila konokono ameshazila petali zake kwa chakula cha jioni. Kundi zima lilicheka, naye akacheka. Ila tangu hapo, anasema, akawa mwoga wa kusema "nina hakika."

Na woga huo ndio aliokuwa nao mwaka jana, siku ambayo hakika ilihitajika.

Ilikuwa mwanzo wa msimu wa baridi. Fundi alipanda mlima peke yake Jumatatu, mabati mawili mafupi begani, kwenda kuziba paa la kibanda cha ukingo wa mashariki. Alisema Jumatano jioni atakuwa nyumbani. Jumanne mchana iliingia picha moja kwenye simu ya mkewe: sailini iliyopigwa kwa karibu sana, kifuko kina mistari ya zambarau, petali zimegawanyika katikati kama mkia wa mbayuwayu. Nyuma ya ua haukuonekana mwamba wala njia, udongo tu. Chini yake Fundi aliandika: "Huyu simjui. Mtoto wa nani?"

Mama Mvuke alijibu kwa furaha. Jibu lake halikufika.

Jumatano ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa ya mji. Jioni ikaja, Fundi hakuja. Mkewe alijipa moyo kwamba mtu mzima hawezi kushuka katika hali ile, atakuwa amejikunyata kibandani. Lakini mpaka asubuhi ya Alhamisi simu ilikuwa haipatikani, na uvumilivu ukamwishia. Alimwomba mwenye duka ruhusa akaenda langoni mwa hifadhi, kwenye ofisi ya waokoaji.

Anaikumbuka ofisi ile kwa harufu ya buti mbichi. Ukutani palikuwa na ramani kubwa, mezani redio iliyokuwa ikikwaruza. Mkuu wa waokoaji, mtu mzima mwenye sauti ndogo, alimkalisha na kumweleza kwamba kikosi kimeshapanda tangu alfajiri kuelekea mashariki, kwa sababu Fundi hakuwa amerudi langoni siku aliyoisema, na mashariki ndiko alikosema anakwenda. Akamtaka awe mtulivu.

Lakini usiku kucha Mama Mvuke alikuwa ameilinganisha ile picha ya mwisho na picha zote alizokusanya. Sailini ya mistari ya zambarau aliwahi kuiona kwa wapanda mlima kadhaa, na wote, bila kumtoa hata mmoja, walikuwa wameipiga kwenye bonde la magharibi. Mashariki alikuwa na picha nyingi kuliko za magharibi, na katika hizo ua lile halikuwamo.

"Nilikaa pale kwenye benchi nikijiambia nyamaza," anasimulia. "Nikisema, na nikawa nimekosea, nitakuwa nimewatoa watu mahali alipo mume wangu. Nikinyamaza na nikawa sahihi, itakuwa vilevile. Nilikuwa kama mtu aliyemeza mfupa."

Alitoka nje akampigia mtaalamu. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa jibu la kweli, ingawa halikuwa la kumfariji.

"Dada, siwezi kukuambia kwamba mashariki haliko," alimwambia. "Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakuna aliyewahi kuliona huko."

Mama Mvuke akapiga moyo konde, akarudi ndani, akaiweka simu mezani mbele ya mkuu. Alimweleza yote, pamoja na mashaka yake, pamoja na yale maneno ya mtaalamu jinsi yalivyo. Mkuu aliitazama picha.

"Kwa hiyo mama, unaniomba nihamishe watu kwa sababu ya ua?"

"Nakuomba kwa sababu ya mume wangu," alijibu. "Ua ndilo alilonipa."

Mkuu aliinuka, akasogelea ramani, akapitisha kidole kwenye njia ya mashariki mpaka mahali penye daraja dogo la magogo. Akashika redio, akauliza kama daraja lipo. Kikosi kikajibu kwamba ndio kwanza wamefika pale, na daraja halipo. Mto umelichukua, nao wanatafuta pa kuvukia. Mkuu akawaambia waendelee kutafuta. Kisha akavaa koti, akachukua watu watatu waliokuwa wakipumzika, akaenda magharibi mwenyewe.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Mke wa mlinzi wa lango alimletea chai ikapoa, akamletea nyingine nayo ikapoa. Binti yake alikuwa njiani akitoka chuoni, akipiga simu kila basi liliposimama. Mama Mvuke alijikuta anazikunja na kuzinyoosha pindo za kanga yake kwa kiganja, kama aliye mezani kwake kazini.

Jua lilikuwa limeanza kuinama redio ilipokwaruza. Ilikuwa sauti ya mkuu, na upepo nyuma yake.

"Tuko na Fundi. Mguu umevunjika, lakini anaongea," ilisema. Kisha ikaongeza: "Anauliza kama picha ilifika."

Mama Mvuke anasema hakulia wala hakupiga kelele. Aliteleza tu kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, akahisi mwili wote unashusha pumzi. Kijana aliyeachwa ofisini kushika redio akamwuliza ajibu nini. Akamwambia ajibu kwamba ilifika.

Fundi mwenyewe anaeleza kilichompata kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza kazi iliyoharibika. Alipokuta daraja limekwenda, aliamua kuzungukia bonde la magharibi. Kwenye mwinuko mmoja alipata mtandao, akatuma picha ya ua, akawaza kwamba ujumbe wa kueleza njia mpya atauandika mbele akipumzika. Alipoketi kuuandika mtandao haukuwapo. Baadaye jiwe likamgeukia chini ya mguu, akasikia kifundo kikilia. Alijikokota hadi chini ya mwamba, akajifunika bati moja na kulalia jingine.

"Ua nilidhani ni la mzaha," anasema. "Ya maana nilikuwa nimeyaweka kwa baadaye."

Miezi mitatu alitembea kwa magongo. Nyumba iliendeshwa na pasi peke yake, na Mama Mvuke alichukua zamu za jioni juu ya zile za asubuhi. Alichoka, lakini anasema ulikuwa uchovu wa mtu anayejua atamkuta nani akirudi nyumbani.

Kuna jambo ambalo watu wengi wanaosimulia kisa hiki hawalijui, naye ndiye anayesisitiza liandikwe. Fundi alipokuwa bado na magongo, mpanda mlima mmoja aliweka mtandaoni picha zake mpya. Karibu na buti lake palikuwa na sailini ya mistari ya zambarau, na alikuwa kwenye ukingo wa mashariki. Kumbe ua lile lilikuwapo huko siku zote. Mtaalamu alimpelekea picha ile kwa furaha ya kazi, kisha akakumbuka, akampigia simu kumwomba radhi.

"Damu ilinisimama," anasema Mama Mvuke. "Ningeiona picha hiyo wiki moja kabla ya siku ile, ningekaa kwenye lile benchi nikanyamaza mpaka leo."

Alikwenda kumweleza mkuu wa waokoaji, akiona si haki kumficha. Mkuu alimsikiliza, akacheka kidogo, akamwambia kwamba hakuondoka kwa sababu ya ua peke yake. Alikuwa amemwona mama ambaye hajalala, ambaye alikuja na hoja na kuyaleta mashaka yake pamoja nayo. Mtu wa namna hiyo, alisema, huwa anamwangalia mara mbili. Na daraja likamalizia.

Siku hizi Fundi hapandi peke yake, na njia anayopita huiandika langoni kabla hajaaga. Anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Mkewe bado anapekua miguu ya watu mtandaoni, na mwezi uliopita alipata sailini ndogo nyeupe ambayo mtaalamu bado anaikunia kichwa. Yeye hataki kuipa jina lolote. Anangoja konokono atolewe kwanza kwenye orodha ya washukiwa.

Anachokitaka sasa ni kitu kimoja. Daktari wake amesema kifua chake kinaweza kustahimili mpaka pale barabara inapoishia, chini kabisa ya mlima, ambako sailini mojawapo huota pembeni ya njia. Mtaalamu amemwambia shina lake linanata kana kwamba limepakwa gundi, hata vidudu hukwama. Jambo hilo amelisoma, amelisikia, lakini hajui likoje.

"Picha hainati," anasema, na kuishusha pasi kwenye shuka nyingine.

Wamepanga kwenda mvua zikikatika. Fundi ameshatengeneza kigoda cha kukunja cha kumpumzishia, na anadai ndicho kigoda chepesi kuliko vyote alivyowahi kuunda. Mama Mvuke ameshaomba ruhusa ya siku moja kwa mwenye duka, na siku moja anaona inamtosha.

"Nikishaligusa, tunashuka," anasema. "Wote wawili, kwa miguu yetu, kabla ya giza."