Tangawizi Haitoshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya gunia la iliki, nikaambiwa nichambue. Kuchambua ni kutenga punje za kijani na zile zilizopauka, kutoa vijiti na mawe, na kunyamaza. Hilo la mwisho halikutajwa, lakini nililielewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika duka la viungo la familia moja ya Kihindi katikati ya Nairobi. Mbele waliuza, nyuma sisi tulikaanga, tukasaga na kuchanganya masala ya chai. Nilikuwa nimetoka Bungoma na kupanga chumba kule mtaa wa Satellite, na kunyamaza sikukujua.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa msimamizi wa ghala. Akisema mdalasini uanikwe asubuhi, nasema mchana. Akisema gunia libebwe, nasema livutwe.

"Nekesa, ulikuja kufanya kazi ama kubishana?"

"Yote mawili," nikamjibu. Wenzangu wakanibatiza Mbishi, na ukweli ni kwamba jina nililipenda.

Aliyeniondoa ghalani ni Mwonjaji Mkuu, kaka mkubwa wa mwenye duka, mtu mpole wa kofia ya sufu ambaye sote tulimwita Mzee. Kila bechi, yaani masala yote yaliyochanganywa kwa mkupuo mmoja, ilipikiwa chai bila sukari na kuletwa kwenye meza yake ya waonjaji. Unafyonza kwa kelele ili harufu ipande puani, unatema kwenye karai, unatafuna mkate mkavu kusafisha ulimi. Kisha unasema. Sheria ya Mzee ilikuwa kwamba mdogo husema kwanza na yeye mwisho, ili mtu asijifiche nyuma ya mkubwa wake.

Siku moja mwonjaji mmoja aliugua, nikaitwa kuziba nafasi. Nikafyonza, nikatema, nikasema, "Hii ina ukungu." Msimamizi wa ghala akacheka. Mzee akaonja tena polepole, macho ameyafumba.

"Ni kweli. Iko na ukungu. Huyu mama akae hapa."

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilikuwa nimesifiwa kwa kukataa, basi nikawa nakataa. Karafuu imezidi. Pilipili manga imelala. Ikifika tangawizi ndiyo usiseme, haikunitosha hata siku moja. Wenzangu walipogeukiana na kukonyezana nilijiona mwerevu peke yangu, na nikirudi Satellite jioni nilitembea kama aliyeshinda kesi. Kijana unayesoma haya, ukiwa mbishi utanielewa. Kuna utamu wake.

Miaka ikapita. Halafu maduka yakaanza kurudisha masala yetu, bechi moja, kisha nyingine. Wateja walisema hayana tangawizi. Msimamizi wa ghala akaapa kwamba vipimo ni vilevile, na mezani wote tulikuwa tumepitisha. Wote isipokuwa mimi, bila shaka, na nilihakikisha kila mtu analikumbuka hilo.

Wengine walipoenda kula, Mzee akaniambia nibaki. Alifunga mlango, akaketi, akavua kofia.

"Nekesa, mimi sisikii ladha tena. Tangu ile homa ilinilaza mwaka jana. Nakunywa kama maji tu."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye.

"Ndugu zangu wakijua, watanipeleka nyumbani nikae kwa veranda," akasema. "Hii meza ndiyo maisha yangu. Kwa hivyo nilikuwa nakutegemea wewe. Hawa wengine wananiangalia mimi usoni kwanza, wewe huniangalii. Lakini unakataa kila kikombe. Sasa mimi nitajua aje ile mbaya?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningembishia. Niliona tu vidole vyake vikizungusha ile kofia, nikalia mbele yake kwa huzuni na kwa haya, naye akanisukumia mkate mkavu kana kwamba machozi nayo hutolewa ulimini.

Tangu siku hiyo nilijifunza neno "sawa". Msidhani lilikuwa rahisi. Bechi nzuri ikija, nilifyonza mara tatu kabla ya kulitoa, na mara ya kwanza nilipolitamka mwonjaji mmoja aliniuliza kama naumwa. Lakini niliposema "hapana", Mzee aliirudisha bechi ghalani bila kuuliza mara mbili. Masala yakaacha kurudishwa. Alikaa kwenye meza yake hadi alipochagua mwenyewe kustaafu, akaagwa kwa maua shingoni na hotuba ndefu kuhusu ulimi wake. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Sasa nami nimestaafu, na nikipata nafasi naenda kumwona kwao Spring Valley, ambako hatimaye ameketi kwenye hiyo veranda. Siku hizi familia inajua kwamba hasikii ladha. Juzi mkwe wake alituletea chai, binti mwenye roho nzuri sana. Mzee akafyonza kwa kelele, vilevile kama zamani.

"Tangawizi imetosha?"

"Imetosha kabisa, Baba," mkwe akasema, akinikonyeza nimsaidie.

Nikafyonza. Haikuwa na tangawizi hata chembe. Mzee akanigeukia, akangoja, kama tulivyokuwa tukingoja pale mezani. Ningesema sawa, nani angeumia?

"Hakuna, Mzee," nikasema. "Haimo kabisa."

Uso wake wote ukafunguka. Akanishika mkono akaukaza.

"Mtu aende dukani alete," akasema. "Hata kama mimi siisikii, iwepo."

Mkwe akacheka kwa aibu, akaenda kutafuta viatu. Sisi wawili tukaviacha vikombe vipoe, tukangoja tangawizi.