Isindu wa Vidole Vitatu

Nyinyi vijana mnaosoma haya, anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mimi nyanya yenu, niliyewachapa wengi wenu kwa kuchafua nguo za kanisa, nimetambaa kwenye matope nikiwa na nguo ya kanisa mwilini, mchana kweupe, mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Tena, hapa Nairobi. Naandika mwenyewe ili msiisikie kwa Mama Zuhura, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi.

Na yeye ndiye chanzo, yeye na paka wake. Mama Zuhura ni jirani yangu, mzaliwa wa Majengo, anauza mahamri pale getini. Asubuhi moja baada ya mvua paka wake akatoa ndege kwenye kile kiwanja chenye nyasi nyuma ya nyumba zetu, ndege mzima, hata bawa halijavunjika, mviringo kama ngumi, mgongo wa kahawia wenye madoadoa, kifua chekundu-chekundu, mkia karibu hamna.

"Hiki ni kifaranga cha kanga," akasema.

"Kanga gani, Mama Zuhura? Huyo ni kware, kwetu tunamwita isindu. Tena dume. Tazama kifua, jike hana urembo huo."

Hapo ndipo nilipopotea. Nilitazama rangi nikatoa hukumu, miguu sikuigeuza (mtu aliyelelewa Mumias akimbebea baba yake vikapu vya isindu ataambiwa nini na mtu wa mjini?).

Sasa, Jumamosi iliyofuata wakwe wa mjukuu wangu Nafula walikuwa wanakuja kutuona mara ya kwanza, na kwetu mkwe akipikiwa isindu anajua ameheshimiwa. Nafula alikuwa ameniomba jambo moja tu. "Kukhu, tafadhali, wasije wakatuona sisi ni watu wa ajabu. Nampenda huyu kijana." Nikamwambia asihofu, watakula isindu, na nikawatangazia mpaka akina mama wa kanisani.

Lakini ndege mmoja hashibishi ukoo. Baba yangu alikuwa anamtundika dume kwenye kikapu juu ya mti mrefu, dume anaita, na wenzake wanaosikia wanakuja mbio chini kwa chini mpaka kwenye mitego, maana isindu hatui mtini, anapenda nyasi zenye mbegu baada ya mvua, na miguu anaiamini kuliko mabawa. Nikamtundika wangu pale kiwanjani siku tatu. Hakuita. Alikuwa ananguruma tu, huuum, huuum, kama mtu anayepuliza chupa tupu. Nikasema ni mafua ya Nairobi.

Jumamosi ikafika, wageni wanatarajiwa saa saba, saa tano mimi nimeshavaa na sina ndege mwingine hata wa dawa. Basi nikaona niite mwenyewe. Nikakunja sketi, nikavua kitambaa cha kichwa kiwe wavu, nikaingia nyasini kwa magoti na kuita kama baba alivyonifundisha, wit, wit-wit.

Nikajibiwa. Wit, wit-wit, kutoka upande wa pili.

Moyo ukaniruka. Naita, anajibu, nasogea, anasogea. Vijana wa bodaboda wakajipanga ukingoni.

"Shosh, umepoteza nini?"

"Nyamaza, utamfukuza."

"Lakini shosh, hapo mbele kuna buda ana..."

"Nimesema nyamaza."

Nyasi zikatikisika hatua moja mbele yangu, nikarusha kitambaa kwa nguvu zote, na dakika hiyohiyo kitu kikanitua kichwani pu, kikaniziba macho. Ilikuwa kofia. Nilipoiinua nikaona kitambaa changu kimemfunika mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, yuko kwa magoti kama mimi.

"Samahani, mama," akasema humo ndani ya kitambaa. "Nilidhani wewe ni isindu."

"Na mimi pia."

"Kwani unatoka wapi?"

"Mumias."

"Mimi Butere, jirani zenu. Tumekuja kwa wakwe, tumefika mapema, nikausikia mlio nikashindwa kujizuia. Unapafahamu kwa nyanya yake Nafula?"

Nilitazama barabarani nikamwona Nafula amesimama na wageni wote, mkono mdomoni, macho yamejaa machozi. Mkwe hapaswi kuniona hata kichwa wazi, na huyu kitambaa changu amekivaa yeye.

"Ndiye mimi," nikasema.

Mzee akanitazama, akaitazama kofia yake kichwani mwangu, akacheka mpaka akakaa chini matopeni, na mimi kicheko kikanishinda nikakaa. Nafula alipoona hivyo alipumua, akapangusa macho, akaanza kucheka naye.

Tulipoinuana, mzee akaenda kwenye kikapu, akamtoa ndege na kumgeuza miguu juu.

"Hesabu vidole, mkwe."

"Vitatu."

"Isindu ana cha nne, kwa nyuma. Huyu hana. Anafanana naye tu, na wanaishi nyasi zilezile. Tena huyu ni jike. Kwa ndege hawa jike ndiye mwenye rangi na ndiye anayeita, hiyo huuum yake. Akishataga anakwenda zake, dume analalia mayai na kulea watoto."

"Huyo dume anapatikana wapi?" akauliza Mama Zuhura, unga bado uko mikononi. "Nina binti hajaolewa."

"Umesikia, baba watoto?" akasema mke wa mzee. "Hata ndege."

Tukamfungulia. Alikimbia kidogo, akaruka chini-chini juu ya nyasi, akadondoka, asionekane tena. Wakwe walikula kuku, mzee akaongezewa mara mbili akimsifu isindu wa Tena kwa unene, na kabla ya chai siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa.

Tangu hapo mzee huyo habishi hodi kama watu. Anasimama getini anaita, wit, wit-wit. Ndiyo maana nimeamuru nyumba nzima, na mnaosoma mkija kwangu inawahusu: mlio huo ukisikika, mtu asiujibu mpaka nimefunga kitambaa na nimekaa kwenye kiti.